Kiingilio Kimoja, Burudani Tano

Historia ya sanaa za maonyesho nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata vitabu. Hutajwa tafsiri za Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari iliyotoka kwanza mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi ya 1969. Hutajwa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka huohuo wa 1969, na Hatia ya Penina Muhando ya 1972. Kisha msomaji hupelekwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapitishwa Bagamoyo, na habari ikaishia hapo. Lakini katika miaka ya 1980 na nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, mkazi wa Temeke, Magomeni au Buguruni aliyetaka kuona watu wakiigiza hakwenda chuoni wala hakununua kitabu. Alikwenda baa. Alilipa kiingilio mlangoni, akatafuta kiti, na kwa saa kadhaa akaonyeshwa ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza na taarabu, vyote na kikundi kimoja. Vikundi hivyo, kama Muungano, Mandela, DDC Kibisa na baadaye TOT (Tanzania One Theatre), vilizoeleka kuonwa na wasomi kuwa ni wauza burudani waliokoroga kila kitu katika chungu kimoja ili wapate fedha. Mimi naona kinyume chake. Ule mchanganyiko ndio ulioipa tamthilia ya Kiswahili hadhira kubwa ya walipaji mjini, na ulipovunjika, mchezo wa jukwaani ndio uliopata hasara ya kwanza.

Mbegu ya mchanganyiko huu ilipandwa na serikali, ingawa haikukusudia kufungua biashara. Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri, Nyerere alitangaza wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akisikitika kwamba ukoloni uliwafanya watu waonee haya ngoma zao wenyewe. Likaundwa kundi la ngoma la taifa, likakusanya ngoma za makabila mbalimbali na kuzipanga upya kwa ajili ya jukwaa. Vijana wakapelekwa China kusomea sarakasi, nao waliporudi wakawa kundi la sarakasi la taifa. Baadaye likaongezwa kundi la maigizo. Makundi haya yalipovunjwa, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikafunguliwa mwaka 1981, mfano ulikuwa umekwisha kuenea nchi nzima: ngoma ya Wasukuma ikifuatwa na ya Wamakonde, halafu vijana wanaopinduka hewani, ndani ya onesho moja, mbele ya watu waliokaa wakitazama. Hilo la kukaa na kutazama ndilo lililokuwa jipya kuliko yote. Ngoma ya kijijini ina shughuli yake, iwe jando, mavuno au harusi, na anayetazama sasa hivi huenda akaingia kucheza baadaye. Ya jukwaani ina mchezaji mwenye mshahara na mtazamaji mwenye haki ya kudai thamani ya fedha yake. Mashirika ya umma na majeshi yalianza kuajiri wasanii, na kando yao vikajitokeza vikundi vya watu binafsi, mashuhuri zaidi kikiwa Muungano cha Norbert Chenga.

Kwa nini baa? Kwa sababu hapakuwa na pengine. Enzi za ukoloni klabu za maigizo za Kiingereza zilikuwa na kumbi zao ndogo, lakini zilijengwa kwa ajili ya Wazungu wachache, na baada ya uhuru haukujengwa ukumbi mkubwa wa taifa wa maonyesho ambao kikundi cha uswahilini kingeweza kuukodi. Baa ya mjini ilikuwa na ukuta, geti la kukatia tiketi, viti na umeme. Mwenye baa alitaka wateja wa bia na soda. Kikundi kilitaka kiingilio. Kila mmoja akapata chake. Tena ilikuwa miaka ya dhiki. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliiacha nchi bila fedha za kigeni, sabuni na sukari zikawa za kupanga foleni, na serikali iliyokuwa ikilipia sanaa ikaanza kubana matumizi. Msanii alilazimika kumwendea mlipaji wake mtaani. Wapo wanaoihesabu hali hiyo kuwa aibu kwa sanaa yetu. Aibu ilikuwa ya nchi kukosa ukumbi. Wasanii walifanya lililo sahihi, wakaihamisha tamthilia kutoka mahali ilipokuwa ikialikwa na kuipeleka mahali ilipokuwa ikihitajiwa.

Inafaa kuangalia kwa karibu jinsi onesho lilivyoendeshwa, maana ufundi wake haukuwa mdogo. Bugobogobo ya Wasukuma ilichezwa kwa majembe mkononi, yakirushwa juu na kudakwa bila kupoteza pigo la ngoma, na wachezaji haohao baada ya muda mfupi walitakiwa waonekane wakiwa na kanzu, kofia na gauni za mchezo wa kuigiza. Kichekesho cha watu wawili au watatu kiliwapa wenzao nafasi ya kubadilisha mavazi nyuma ya pazia. Sarakasi ilirudisha macho ya waliokwisha kuanza kupiga soga. Msanii mmoja alijua kupiga ngoma, kucheza, kuigiza na kuitikia kiitikio, na kikundi kisingeweza kumlipa mtu anayejua jambo moja tu. Mchezo wenyewe haukuandikwa. Kiongozi alisimulia kisa kwa wachezaji, akagawa nafasi, akaonyesha wapi mtu aingie na wapi atoke, kisha maneno yakazaliwa mazoezini na kukomaa mbele ya watazamaji. Visa vilikuwa vya nyumbani: mume anayeficha mke wa pili, ndugu wanaogombea nyumba ya marehemu, mganga anayewatapeli pande zote mbili, binti aliyeletwa mjini kufanya kazi za ndani. Neno lililochekesha Temeke lilirudiwa Magomeni. Lililopokewa kwa kimya liliachwa. Mwandishi wa tamthilia akiwa chumbani kwake hana mhariri mkali kama huyo.

Ilipofika zamu ya taarabu, hadhira yenyewe ilipanda jukwaani. Mwanamke aliinuka mezani, akatembea kwa madaha hadi mbele ya mwimbaji, akamtunza noti, na kwa macho au kwa mkono akaonyesha maneno yale yanamhusu nani pale ukumbini. Kwa wanawake wengi hilo tu lilitosha kulipia kiingilio. Lakini wakilipa kwa ajili ya taarabu waliona pia mchezo, kama vile kijana aliyefuata sarakasi alivyouona, na mzee aliyekuja kukumbuka ngoma ya kwao. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Mchezo wa kuigiza peke yake ulikuwa bidhaa mpya, usiokuwa na desturi ya kulipiwa. Ndani ya kiingilio kimoja ulikopeshwa hadhira na ndugu zake wakubwa, na taratibu ukaanza kuwa na wapenzi wake. Ushahidi wa upande wa pili upo chuoni. Kundi la Paukwa, lililotoa mchezo wa Ayubu mwaka 1984, lilikuwa na vipaji na fikra nzito kuliko kikundi chochote cha baa, lakini watazamaji wake walibaki wasomi na wageni wao. Ubora haukupungua pale. Kilichokosekana ni sababu nyingine ya mtu wa Buguruni kufika.

Pingamizi la kwanza ni kwamba vikundi hivi viliharibu ngoma za asili. Ngoma ya usiku kucha ilikatwa ikawa ya dakika kumi, ikachezwa na vijana wasiojua lugha ya nyimbo zake, na viuno vikatangulizwa kwa sababu viuno vinauza. Ni kweli, na hasara ipo: maana ya ngoma ya jando haiwezi kubaki pale jando lisipokuwepo. Ila pingamizi hili linadhani kwamba ngoma zilikuwa zimetulia mahali pamoja mpaka wenye vikundi walipozivuruga. Historia inakataa. Ngoma ya beni ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, ikashuka Tanganyika, ikabebwa na askari wa Vita Kuu ya Kwanza hadi bara, na ikazaa mganda wa watu wa Ziwa Nyasa, ambao leo mtu akiuona huuita ngoma ya asili bila kusita. Terence Ranger aliifuata safari hiyo katika kitabu chake cha 1975 na kuonyesha jinsi vyama vya beni vya Marini na Arinoti vilivyoshindana kwa mavazi, nyimbo na ukarimu wa karamu. Wanawake wa Mombasa nao walikuwa na vyama vya lelemama vilivyorushiana maneno ya nyimbo kizazi kizima kabla hazijasikika kaseti za mipasho. Kwa hiyo waimbaji wa taarabu Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano waliposhindana katika miaka ya 1990, na jiji likagawanyika makundi mawili ya mashabiki, hawakuanzisha utovu wa adabu mpya. Waliendeleza mashindano ambayo pwani imeyajua kwa karne nzima, safari hii kwa vipaza sauti.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la siasa. Tangu ngonjera za Mathias Mnyampala zilizolieneza Azimio la Arusha, jukwaa letu lilizoezwa kusifu. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, CCM ikaanzisha Tanzania One Theatre, ikiongozwa na Kapteni John Komba, na kikundi hicho kikapata vyombo na fedha ambazo wapinzani wake hawakuweza kuzifikia, kisha kikapanda majukwaa ya kampeni ya 1995. Ushindani wa sanaa uligeuzwa chombo cha ushindani wa kura, na uwanja haukuwa sawa, si kwa vyama wala kwa vikundi. Hilo sina la kulitetea. Ninalokataa ni hitimisho kwamba basi onesho zima lilikuwa propaganda. Mtu halipi kutoka mfukoni mwake, jioni ya siku ya kazi, ili akahubiriwe sera anazozisikia bure redioni. Alilipia mchezo, vituko na taarabu, na wimbo wa chama aliuvumilia, au aliupenda ikiwa ulikuwa na sauti nzuri, kama nyingi za Komba zilivyokuwa. Zaidi ya hapo, ndani ya visa vya nyumbani kulikuwa na mambo ambayo hotuba haikuyagusa: rushwa ndogondogo, ulevi wa wenye mishahara, mirathi inayomnyang'anya mjane. Mchezo usioandikwa una uhuru wake, kwani maneno yake huzaliwa upya kila onesho.

Kuvunjika kwa mchanganyiko ule kulikuja kwa njia tatu zilizokutana. Mashirika ya umma yaliuzwa au kufilisika katika miaka ya 1990, na wasanii waliokuwa waajiriwa wake wakapoteza mishahara. Televisheni, ambayo Tanzania Bara haikuwa nayo kabisa hadi 1994, ikaingia na kuwachukua waigizaji pamoja na watazamaji. Na taarabu, iliyopata nguvu mpya kwa vinanda vya umeme vya akina East African Melody, ikagundua kwamba inaweza kujaza ukumbi bila ndugu zake. Baadaye TOT yenyewe ilijulikana zaidi kwa taarabu na bendi ya dansi kuliko kwa michezo. Waigizaji walihamia studio. Makundi kama Kaole yakakuza sura ambazo baadaye zilibeba filamu za Kibongo, akiwemo Steven Kanumba, na ndani ya filamu zile kulionekana bado namna ileile ya kufanya kazi: kisa kinasimuliwa, maneno yanatungwa na mchezaji, fitina ni ya nyumbani. Anayedhani filamu zile zilijifunza kila kitu kutoka Nigeria hajaitazama baa ya Magomeni ya 1988. Lakini jukwaa lenyewe lilibaki tupu. Kila kipande cha burudani ile kilipata makao mapya, isipokuwa mchezo unaochezwa na watu walio hai mbele ya watu wanaoweza kuwajibu.

Kwa kuwa michezo ile haikuandikwa, maktaba haina cha kutuonyesha, na mwanafunzi wa leo anaweza kumaliza shahada ya sanaa za maonyesho akizijua tamthilia za vitabuni na asikijue kisa kimoja kilichochezwa mbele ya umati wa Temeke. Wengi waliocheza visa hivyo wako hai, baadhi wakiwa wazee kwenye mitaa ileile. Idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) wanaweza kuwatafuta, kuwalipa kwa muda wao na kuwarekodi wakisimulia kila mchezo, nani aliingia wakati gani na alisema nini. Kazi hiyo haihitaji jengo wala sera mpya, na ingefaa ianze mwaka huu.