Saratani
Mwenyeji wa Mwandiga, ambaye kaa wa Ziwa Tanganyika si mgeni machoni pake, huenda asijue kwamba neno saratani, tulilolirithi kwa Waarabu, asili yake ni kaa huyo huyo. Katika aina moja ya saratani, uvimbe wa taya za watoto alioueleza tabibu Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958, aghalabu hukutwa virusi vya Epstein-Barr, navyo hutoa nyuzi fupi za RNA zisizotengeneza protini yoyote, bali huzinyamazisha baadhi ya jeni, zikiwemo ziamrishazo seli mbovu ife. Kuziita “zisizo na msimbo” ni kuzidhulumu. Mimi, kwa idhini ya mabingwa wa lugha, ningeziita manyapara: hawashiki jembe, lakini shamba zima huwasikiliza.