Mwenye Kulala Ndiye Mwenye Kubeba

Kuna msemo wa zamani katika nchi zetu usemao: Mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Msomaji, msemo huu haukuzuka bure. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilitegemea vichwa na mabega ya wapagazi, na miongoni mwao Wanyamwezi walisifiwa sana kwa nguvu na ustahimilivu. Mpagazi mmoja aghalabu alichukua kama frasila 2, yaani kilo 30 hivi. Katika mizigo hiyo mlikuwamo nguo, shanga na nyaya za shaba. Na ikiwa mkuu wa msafara alikuwa msafiri kutoka Ulaya, lilikuwamo pia hema lake la kitambaa kizito, pamoja na kitanda, meza na kiti. Nani basi angejisumbua kufikiri jinsi ya kulipunguza hema lile uzito? Aliyelala ndani yake hakulibeba, na aliyelibeba hakulala ndani yake.

Uyashike maneno hayo, kwani ndiyo ufunguo wa historia hii. Leo wako watu wengi duniani wasafirio kwa miguu milimani na misituni kwa siku nyingi, wamebeba mgongoni chakula, nguo na malazi yao, na makao yao ya usiku ni turubai moja jepesi lisilofikia kilo 1. Pengine utadhani kuwa hiyo ni kazi ya viwanda tu. Viwanda vilisaidia, lakini havikuanza. Jambo hili lilianza pale mwenye kulala alipokuwa ndiye mwenye kubeba.

Miongoni mwa watu wa kwanza kulazimishwa kulifikiri jambo hili walikuwa askari. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, mahema makubwa yalihitaji magari mengi ya kuyachukua, na majeshi yakachelewa njiani. Ndipo askari wa kaskazini walipopewa kila mmoja nusu ya hema, kipande cha kitambaa chenye vifungo na matundu ukingoni. Jioni askari wawili waliviunga vipande vyao kwa vifungo, wakavitandaza juu ya miti miwili, au juu ya bunduki zao wenyewe, wakalala chini yake. Kibanda hicho kilikuwa wazi mwisho huu na mwisho huu, hata askari wakafanya mzaha kwamba kilifaa kulaza mbwa. Hata hivyo kilikwenda popote askari alipokwenda, wala hakikungoja gari.

Baada ya askari akaja fundi cherehani. Thomas Hiram Holding alizaliwa Uingereza mwaka 1844, na mwaka 1853, alipokuwa mtoto, alivuka mbuga za Marekani pamoja na wazazi wake katika msafara wa magari ya kukokotwa. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya ushonaji London, na siku zake za mapumziko alisafiri kwa mtumbwi na kwa baisikeli. Basi, baisikeli haina mpagazi. Mwaka 1897 Holding alizunguka sehemu za Ireland kwa baisikeli akiwa na malazi aliyoyabuni mwenyewe, na kwa kuwa alijua sindano na uzi, alijua pia ni wapi kitambaa huvutwa sana na ni wapi hakivutwi, na kwa hiyo ni wapi kinaweza kuwa chembamba. Mwaka 1901 alishiriki kuanzisha chama cha wapiga kambi wa baisikeli, na mwaka 1908 akatoa kitabu cha kuwafundisha watu kazi hiyo.

Wakati huohuo, katika milima ya Austria, mwalimu mmoja aliyeitwa Mathias Zdarsky alikuwa akifundisha watu kuteleza juu ya theluji. Yeye alibuni mfuko mwepesi ambao watu waliokamatwa na dhoruba au usiku waliweza kujifunika nao na kukaa humo mpaka kuche. Mfuko wa namna hiyo huko kwao ungali ukiitwa kwa jina lake. Hiyo ndiyo asili ya aina moja ya mifuko ambayo wasafiri wa leo huivika juu ya mfuko wa kulalia, kama ala inavyovikwa kisu, ili upepo na manyunyu visimfikie mwenye kulala.

Sasa natuvuke bahari turudi Marekani. Mwaka 1921 Benton MacKaye alitoa shauri kwamba ifanywe njia ya miguu kufuata milima ya Appalachia, na mwaka 1937 njia hiyo ilikamilika, toka jimbo la Georgia kusini mpaka jimbo la Maine kaskazini, mwendo wa zaidi ya kilometa 3,000. Mwaka 1948 Earl Shaffer, aliyekuwa amerudi kutoka vita vya pili vya dunia, aliitembea yote kwa safari moja. Njiani aliliacha hema lake, akatumia joho la mvua kuwa nguo mchana na paa usiku.

Lakini mtu ninayetaka umkumbuke zaidi ni mwanamke mzee. Emma Gatewood alizaliwa mwaka 1887 katika jimbo la Ohio, mkulima, mama wa watoto 11, aliyevumilia mapigo ya mumewe miaka mingi hata wakaachana. Alisoma habari za njia ile katika gazeti, na mwaka 1954 akajaribu kuanzia upande wa Maine. Akapotea njia, miwani yake ikavunjika, na walinzi wa msitu wakamshauri arudi nyumbani. Akarudi. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 67, akaanza tena, safari hii kutoka Georgia, tarehe 3 Mei. Alivaa viatu vya raba, akabeba begani mfuko alioushona mwenyewe, na ndani yake mlikuwamo blanketi, chakula kidogo, na pazia la plastiki la bafuni lililokuwa paa lake la mvua. Mzigo wote aghalabu haukufikia kilo 9. Usiku wa baridi alipasha mawe moto, akalala juu yake. Mwezi Agosti tufani mbili zilileta mafuriko katika majimbo ya mashariki, naye akaendelea. Tarehe 25 Septemba 1955, siku ya 146, alisimama juu ya mlima Katahdin. Akaitembea njia hiyo tena mwaka 1957, na akaimaliza mara ya tatu mwaka 1964.

Hebu ujiulize: ni nini kilichombebea mzee yule mzigo ambao vijana walishindwa nao? Si fedha, kwa maana hakuwa nazo nyingi. Si viwanda, kwa maana pazia la bafuni hununuliwa katika duka lolote. Ni ujuzi wa maisha. Alijua kuwasha moto, kutambua majani yanayolika, na kuchagua pa kujilaza. Kila alichokijua kilimwondolea mfukoni kitu kimoja.

Viwanda navyo vilikuja na mchango wake. Nailoni iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 ilichukua nafasi ya pamba katika mahema baada ya vita. Mwaka 1969 Robert Gore aligundua namna ya kuinyosha plastiki moja hata ikawa utando wenye vitundu vidogo mno, ambavyo hupitisha mvuke lakini havipitishi maji. Hata hivyo, ni katika miaka ya 1990 ndipo Ray Jardine, mhandisi na mpanda miamba, alipowashawishi Wamarekani wengi kuacha mahema na kulala chini ya turubai walilolishona kwa mikono yao. Utaona kwamba tumerudi kwa Holding na sindano yake.

Sasa tutazame jinsi turubai linavyofanya kazi. Mwili wa mtu hutoa mvuke usiku kucha. Katika hema lililofungwa, mvuke huo hugusa kitambaa chenye baridi, hugeuka matone, na mwenye kulala huamka ameloa ingawa haikunyesha. Chini ya turubai upepo huuchukua mvuke nje. Lakini upepo huohuo waweza kuleta mvua ndani. Kwa hiyo upande unaoelekea upepo hushushwa mpaka karibu na ardhi, na kamba hukazwa ili kitambaa kisipigepige. Mahali pa kulala pasiwe bondeni kabisa, kwani hewa baridi hutelemka kama maji. Wala pasiwe katika mkondo mkavu wa mto, wala chini ya matawi yaliyokufa. Hema nene humsamehe mtu asiyeyajua haya. Turubai halimsamehi.

Ndiyo maana wepesi una hatari yake. Mtu anayetupa hema na kuchukua turubai, asijifunze lolote, hakupunguza mzigo. Ameuhamisha tu kutoka mgongoni kwenda maishani mwake. Juu ya mlima wetu wa Kenya, kuelekea kilele cha Lenana chenye mita 4,985, usiku maji huganda na upepo huvuma bila mti wa kuukinga. Huko turubai lililo wazi laweza kuwa sababu ya kifo. Na huku chini, penye joto, turubai halizuii mbu wa malaria, na asiye na chandarua ameokoa uzito mdogo kwa gharama kubwa. Mwenye busara huuliza kwanza: naenda wapi, majira gani, nami najua nini? Kisha ndipo aamue kitu cha kuacha.

Basi, msomaji, historia ya kitambaa hiki kidogo yatupa neno kubwa kuliko kitambaa chenyewe. Maadamu mzigo wa mtu hubebwa na mwingine, hatajua uzito wake wala hatatafuta njia ya kuupunguza. Wapagazi wa Unyamwezi waliujua uzito wa hema lile, lakini halikuwa lao kulikata. Siku mwenye kulala alipolitia mgongoni mwake ndipo lilipoanza kupungua, mwaka baada ya mwaka, mpaka likawa kitu cha kukunjwa na kutiwa mfukoni. Nawe utakapofunga mizigo kwa safari yoyote, inua kwanza mwenyewe kile unachotaka kukichukua. Mgongo wako utakufundisha.