Kabla ya kupaka rangi paa la duka Zombe, uliza nani anakunywa maji yake

Sisi watu wa Pwani bati likioza humaliza maneno kwa kusema ni chumvi ya bahari. Ni kweli, chumvi hula bati, na kila mwenye duka Likoni au Malindi analijua hilo. Lakini kazi hunipeleka Zombe, Kitui Mashariki, mbali kabisa na bahari, na huko pia nimeona mabati ya maduka sokoni yamegeuka rangi ya udongo. Kule adui ni jua, takataka zinazolala kwenye mifereji, na zaidi ya yote, kupuuzwa. Wapo wasomaji wa safu hii wenye maduka na maghala Ukambani, na swali lao huwa moja: nipake rangi au ning'oe mabati yote?

Jibu linaanza na maji. Paa la duka Zombe halizuii mvua tu, linaikusanya. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ghala la mita 10 kwa 15 lina mita za mraba 150, kwa hivyo mvua ya milimita 20 ni lita 3,000, ukiacha kidogo kinachomwagika na kukauka. Katika nchi ambayo mto hukauka na watu huchimba mchanga kutafuta maji, lita hizo si mchezo. Zinapikiwa chai hotelini, zinanywewa na watoto, na sisi tunazitilia udhu. Basi chochote utakachopaka juu, kuna mtu atakinywa. Ajabu ni kwamba wengi huuliza bei ya kopo kwanza, na swali hili hawaliulizi kabisa.

Bati ni chuma chembamba kilichovishwa zinki, ufundi ambao Mfaransa Sorel aliupatia hataza mwaka 1837. Zinki hukilinda chuma kwa kuliwa yenyewe kwanza. Ikiisha, chuma kinabaki uchi na kutu nyekundu inaanza. Kuna pia mabati yaliyovishwa mchanganyiko wa aluminiamu asilimia 55, zinki 43.4 na silikoni 1.6, ambayo hudumu zaidi. Aina ya mabati ya aluminiamu na zinki hutengenezwa hapa kwetu, Mariakani. Ukinunua, kumbuka geji huenda kinyume: namba ikipanda, bati linazidi kuwa jembamba. Geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 28 ni nene kuliko zote hizo.

Sasa, rangi haizibi tundu. Wakati wake ni pale bati limepoteza mng'ao na kuwa la kijivu, au limeanza madoa mekundu ambayo brashi ya waya inaweza kuyaondoa. Ukisimama ndani ya duka mchana ukaona nyota juu, badilisha bati hilo, usiharibu pesa.

Panda na fundi mkague misumari kwanza, maana uvujaji mwingi huanzia hapo. Mpira ulio chini ya kofia ya msumari hukaushwa na jua ukapasuka. Bati nalo hutanuka mchana na kunywea usiku, ndiyo ile milio unayoisikia magharibi, na kila siku linaulegeza msumari kidogo. Kisha tazama yanapolaliana mabati, na kingo zilizokatwa. Fundi anayekata bati kwa grainda juu ya paa mkemee, kwa sababu chembe za moto za chuma hujichomeka kwenye zinki, na baada ya mvua mbili kila chembe ni doa la kutu. Akate kwa mkasi wa bati. Mkiwa juu, kanyageni kwenye mistari ya misumari, penye mbao chini yake.

Rangi ya mafuta ya kawaida ikipakwa moja kwa moja juu ya bati jipya hubanduka kama ngozi ya kitunguu. Mafuta yake na zinki hufanya kitu mfano wa sabuni, na rangi inakosa pa kushika. Hii ndiyo sababu maduka mengi yaliyopakwa mbiombio kwa matangazo yanaonekana yana upele baada ya muda mfupi. Osha bati kwa maji na sabuni, suuza, sugua kutu, pangusa vumbi, halafu weka rangi ya kwanza iliyoandikwa kuwa ni ya mabati ya zinki. Hapo ndipo rangi ya juu ifuate, mikono miwili.

Ya juu mimi napendelea nyeupe ya maji, ya akriliki, iliyotengenezwa kwa ajili ya paa. Nyeupe hurudisha jua, bati halichemki sana, na unga na mafuta ya kupikia ndani ya duka havipati joto lile. Chokaa msijaribu, ikiwa mbichi hula zinki, na mvua huiosha. Lami nayo huziba vizuri, lakini ni nyeusi, hunyonya joto, na sitaiweka juu ya paa linalojaza tangi la kunywa. Rangi yenye risasi ni mbaya zaidi, kwa kuwa risasi huharibu ubongo wa mtoto. Kiwango cha Kenya ni sehemu 90 kwa milioni, si zaidi. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala alama ya ubora liache dukani, hata likiwa nusu bei.

Kwa hesabu, lile paa la mita 150, ukiongeza mikunjo ya bati, linafika kama 170. Lita moja ikifunika mita 10, utahitaji lita 17 kwa mkono mmoja, 34 kwa miwili. Rangi nzito za paa hufunika eneo dogo zaidi, kwa hivyo soma kopo lako.

Zombe kazi hii ifanywe Agosti au Septemba, kabla ya mvua za Oktoba hadi Disemba ambazo ndizo tegemeo la Ukambani. Anzeni asubuhi umande ukishakauka, muache saa sita bati likiwaka. Chomoeni bomba la tangi kabla ya kuosha, na msilirudishe mpaka rangi ikauke sawasawa na mvua ya kwanza ipite chini.

Kama paa lako ni la asbesto ya zamani, ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, usilisugue wala kulioshea brashi, kwa kuwa vumbi lake huua mapafu. Hilo waite wenye leseni ya NEMA waliondoe.