Kutoka siwa hadi hedifoni: spika gani kwa masikio yanayovuma?

Wasomaji wangu, leo naweka msimbo pembeni kidogo tuzungumze masikio.

Yangu yanavuma, la kushoto zaidi. Nikiwaambia rafiki zangu wa Mombasa kwamba naishi Manda, ng'ambo ya Shela, hunipa hongera: kule hakuna matatu wala disko, masikio yatapumzika. Kumbe kimya ndicho kinachoyaamsha! Mwaka 1953 Wamarekani wawili, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 wenye masikio mazima katika chumba kisichopitisha sauti. Asilimia 94 walisema wamesikia mivumo. Maelezo ambayo wataalamu wengi wanayakubali ni kwamba chembe za sikio la ndani zikiharibika, ubongo hukosa ishara, basi huongeza nguvu ya kusikiliza. Sisi waandika programu tungesema data imekatika lakini mashine inazidi kupandisha sauti, mpaka inasikia mchakacho wa waya zake yenyewe.

Kwa hiyo anayevumiwa hanunui kimya. Anatafuta sauti ya kutosha isiyo na kishindo, na hapo historia inasaidia, maana kila chombo kipya kilisogeza sauti karibu zaidi na sikio.

Huku kwetu chombo kikubwa kilikuwa siwa. Ile ya Pate, ya pembe za ndovu, na ile ya shaba ya Lamu zimehifadhiwa makumbusho ya Lamu. Siwa ilipigwa nje, mbele ya umma, kwa shughuli maalumu, kisha ikarudi mahali pake. Hakuna aliyelala nayo sikioni.

Ikaja gramafoni. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, na santuri zake zikaenea pwani nzima. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono haikuwa na kitufe cha sauti. Ukitaka upole unaweka sindano nyembamba, ukitaka makelele unaweka nene, na wengine walisokota kitambaa wakakitia ndani ya pembe. Mimi naupenda sana mpaka ule. Chombo chenyewe kilikuwa na mwisho wake, na msikilizaji alikaa mbali nacho.

Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ndiyo iliyoingia kila nyumba ya pwani. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na fundi wa udi, alisikika kwenye kanda zilizosambazwa na Mbwana Radio Service ya Mombasa. Kanda zina ule mchirizo wa "shhh" chini ya muziki. Wahandisi walihangaika kuuondoa, Dolby wakatoa dawa yake ya kaseti mwaka 1968. Lakini kwa sikio linalovuma, mchirizo ule ni rafiki! Katika miaka ya 1970 Jack Vernon, mtafiti wa Oregon, alimwona mgonjwa wake akipata nafuu aliposimama kando ya chemchemi ya maji mjini Portland, kwa sababu maji yaliufunika mvumo. Kutokana na hapo vikatengenezwa vifaa vidogo vya kuvaa sikioni vinavyotoa sauti kama hiyo. Mimi dirisha la upande wa mkondo naliacha wazi, bure kabisa.

Kisha 1979, Walkman ya Sony. Ile ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, maana mkuu wa kampuni, Akio Morita, aliona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza peke yake. Mtu wa baraza angemwelewa. Matoleo ya baadaye yalibaki na tundu moja, na toka hapo sauti imehamia ndani ya sikio.

Sasa hesabu. Kiwango cha shirika la afya duniani na ITU, H.870 cha mwaka 2018, kinampa mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ongeza desibeli 3 tu, muda unakatika nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Simu nyingi zinaweza kufika huko bila kutoa jasho.

Mtego mwingine walituonyesha Fletcher na Munson mwaka 1933. Sauti ikishuka, besi hupotea sikioni kwanza, na mtu huongeza sauti akitafuta ngoma. Amplifaya nyingi za Kijapani za miaka ya 1970 zilikuwa na kitufe cha "loudness" kinachorudisha besi kwenye sauti ndogo. Hicho ndicho ninachokitafuta kwanza kwenye mtumba, kabla sijauliza wati.

Basi kwangu ni amplifaya ndogo ya aina hiyo inayotumia umeme wa jua, na spika mbili za mbao, mita moja na nusu toka kiti. Hedifoni ni za mkutano tu, zile za wazi zinazopitisha sauti ya nje. Usiku naacha kanda ya udi kwa sauti ya chini, kiasi kwamba mvumo bado nausikia kidogo.

Na kama mvumo wako uko sikio moja tu, au unapiga pamoja na mapigo ya moyo, spika hazitasaidia: muone daktari wa masikio. Wiki ijayo nitaweka hapa programu yangu ya kujumlisha saa na desibeli za wiki nzima.