Ukinzani wa Udongo: Kebo za Chini ya Ardhi kutoka Neher na McGrath hadi Auckland

Mkondo ambao kebo ya chini ya ardhi inaweza kubeba hauamuliwi na unene wa shaba peke yake. Udongo nao una usemi, kwa kuwa ndio unaopokea joto na kulipitisha. Wahandisi walilifanyia jambo hili hesabu tangu karne ya 19, lakini makala ya J. H. Neher na M. H. McGrath, iliyochapishwa Marekani mwaka 1957, ndiyo iliyowapa njia moja kamili ya ukokotoaji. Humo joto linatazamwa kama mkondo wa umeme: tofauti ya halijoto inashika nafasi ya volteji, na kila tabaka, yaani kihami, ala na udongo, lina ukinzani wake. Njia hiyo ilidumu, nadhani, kwa sababu inafanyika kwa kalamu na karatasi.

Hata hivyo, udongo hautoki kiwandani. Ukipata joto hukauka, na ukikauka ukinzani wake waweza kupanda zaidi ya maradufu. Kebo nayo huzidi kupata moto. Katika kiangazi cha joto na ukame cha mwaka 1998, kebo nne za kilovolti 110 zilizolisha katikati ya jiji la Auckland, New Zealand, ziliharibika kwa kufuatana: mwezi Januari, tarehe 9 Februari, kisha 19 na 20 Februari. Uhaba wa umeme ulidumu takriban wiki tano. Mbili za kwanza zilikuwa kebo za gesi zenye umri mkubwa, hivyo si haki kuutwika udongo lawama yote. Lakini mzigo wake uliangukia kebo mbili za mafuta zilizosalia, na uwezo wa hizo ulitegemea udongo wa Februari ile, si udongo wa siku zilipofukiwa.