Mtu Asiye na Kwao

Somo: Yohana 1:43-51

  Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo sisi sote twalijua, ingawa si rahisi kulitaja kanisani. Nalo ni jinsi tunavyomhukumu mtu kwa kusikia tu anakotoka.

Miaka michache iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikiihudumia, vijana wawili waliandikisha ndoa yao. Jumapili ya kwanza niliwatangaza, wala hakuna aliyesema neno. Jumapili ya pili, baada ya ibada, baba yake binti alinifuata vestrini. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sala, tena mtoaji mwema. Akafunga mlango, akasema, "Mchungaji, nakuomba usiwatangaze tena. Kijana ni mpole, sikatai. Lakini hana kwao. Watu wake ni wale wa Frere Town."

Nikamwuliza, "Mzee, una neno gani baya juu ya kijana mwenyewe?"

Akajibu, "Juu yake sina. Lakini babu zake walikuwa watumwa. Nitawaambia nini ndugu zangu?"

Wapendwa, yanipasa nikiri mbele yenu. Sikumjibu mara moja. Maana maneno hayo nami nilikuwa nimeyasikia tangu utotoni, na walipocheka wenzangu, nami nilicheka. Nikamwambia anipe muda wa juma moja. Juma lile nilirudi kwenye historia ya kanisa letu, nikakuta mambo ambayo nataka kuwashirikisha leo.

Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza biashara ya watumwa baharini. Aliyekuwa ametumwa na Uingereza kulisukuma jambo hilo aliitwa Sir Bartle Frere. Lakini mkataba peke yake hauondoi dhambi. Majahazi yaliendelea kusafirisha watu kwa siri, na manowari za Kiingereza ziliendelea kuyakamata. Basi likazuka swali: watu hawa waliookolewa baharini wapelekwe wapi? Kwao kulikuwa mbali, kwingine vijiji vilikwisha kuchomwa, na wengi walichukuliwa wakiwa wadogo hata jina la baba hawalikumbuki.

Ndipo Chama cha C.M.S. kilipopata shamba Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mwaka 1875, chini ya uongozi wa Kasisi William Salter Price. Mahali hapo pakaitwa Frere Town. Wakakusanyika Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, watu wasiojuana, kila mmoja na lugha yake. Wakajengewa nyumba, shule na kanisa. Kengele iliwekwa kuwaonya watu hatari ilipokaribia, na hata leo, ukipita njia panda ile ya Nyali, mahali hapo panaitwa Kengeleni. Watu hao walioana, wakazaa, wakaishika lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya nyumba zao. Mtu aliyepoteza jamaa yote alipata jamaa nyingine ndani ya Kristo.

Lakini msidhani kwamba walipokewa kwa furaha na kila mtu. Waungwana wa mjini waliwatazama kama watumwa waliovaa nguo. Majirani waliwaona wageni. Hata wamishenari wengine hawakuwa na moyo safi. Mapema katika miaka ya 1880 viboko vilitumika Frere Town yenyewe, mpaka uchunguzi ukafanywa. Fikirini, ndugu zangu: mtu anaokolewa katika mjeledi wa jahazi, halafu anaukuta mjeledi mwingine karibu na kanisa!

Tena lilikuwako kundi lililoitwa Waafrika wa Bombay. Hao waliokolewa baharini mapema zaidi, wakapelekwa Bara Hindi, wakalelewa na kufundishwa huko Nasik, wakajua Kiingereza na kazi za mikono. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alikuwa miongoni mwa waliousindikiza mwili wa Dakta Livingstone mpaka pwani, na mwezi wa Aprili 1874 alisimama pamoja na wachukuzi wa jeneza katika Westminster Abbey, London. Watu hao waliporudi Afrika, mwenyeji alisema, "Hawa si wa kwetu." Na baadhi ya wamishenari walisema, "Hawa wana kiburi." Asiyejua kusoma aliitwa mjinga, na aliyejua kusoma aliitwa mwenye kiburi. Basi afanye nini apate kupendwa?

Sasa nisikilizeni habari za mmoja wao, William Jones. Alitekwa mtoto, akauzwa, akaokolewa, akalelewa Bara Hindi, kisha mwaka 1864 akaja Rabai kumsaidia Rebmann. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa daraja la ushemasi, yeye pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Hao ndio Waafrika wa kwanza kupewa daraja hilo katika nchi ambayo leo ni Kenya. Mwaka ule ule Askofu alifunga safari kwenda Uganda pamoja na Jones. Walipofika Kwa Sundu, ambako leo twapaita Mumias, Askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya wapagazi, akaendelea mbele na watu 50. Tarehe 29 Oktoba 1885 Askofu aliuawa Busoga. Jones alipopata habari alingoja, akaomba, kisha akawaongoza watu wale waliobaki katika mwendo mrefu wa kurudi, mpaka wakaingia Rabai mwezi wa Februari 1886. Mbele yao walibeba bendera iliyoandikwa neno moja, Ikabodi, ambalo mtalikuta katika 1 Samweli 4, maana yake utukufu umeondoka. Aliyewafikisha nyumbani watu wa Askofu alikuwa mtu ambaye wengine walisema hana kwao.

Wala hakuishia hapo. Kule Rabai watoro wengi waliokimbia mabwana zao walikuwa wakijificha karibu na misheni. Jones hakuwafukuza. Huenda alikumbuka alikotoka mwenyewe. Mwaka 1888 wenye watumwa walikasirika sana, hata ikahofiwa kwamba misheni ingeshambuliwa. Mwishowe Bwana Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alikubaliana nao kulipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru wao. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kwa sheria katika pwani yetu mwaka 1907.

Mpenzi msikilizaji, sheria ilifuta utumwa, lakini ni nani aliyefuta maneno? Zamani pwani, mtumwa aliyeletwa karibuni aliitwa mjinga. Aliyezaliwa hapa hapa utumwani aliitwa mzalia. Mtu wa bara aliitwa mshenzi. Na mtu huru wa kuzaliwa aliitwa mwungwana. Leo twasema uungwana tukiwa na maana ya adabu na tabia njema, lakini mwanzo wake neno hilo lilimtenga mtu huru na mtumwa. Tumelirithi neno, na wengine wetu tumerithi na ile dharau iliyokuwa ndani yake.

Mungu ana njia zake za kutufundisha. Mwaka 1934 Mwalimu James Mbotela wa Frere Town alichapisha kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kwa sababu baba yake alikuwa mmoja wa waliotekwa na kukombolewa. Na mtu wa jamaa yake Mwalimu huyo, Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Frere Town mwaka 1940, ndiye aliyeanzisha redioni mwaka 1966 kipindi ambacho Kenya nzima ilikisikiliza kwa miaka mingi, hata kabla ya kifo chake mwaka 2025. Kipindi hicho kiliitwa Je, Huu ni Ungwana? Mzao wa mtumwa akawa mwalimu wa uungwana kwa taifa zima! Wangapi wetu tulijirekebisha kwa swali lake, bila kujua babu yake alikuwa nani? Na kama tungalijua, je, tungalimsikiliza?

Sasa turudi kwenye somo letu. Filipo alimwendea Nathanaeli na habari za Yesu wa Nazareti. Nathanaeli hakuuliza Yesu amefanya nini. Aliuliza kama mji ule waweza kutoa kitu chema. Naye Nathanaeli alikuwa mtu wa Kana, kama tunavyosoma katika Yohana 21:2, na Kana si mbali na Nazareti. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Dharau kali hatuwawekei watu wa mbali, twaiweka akiba kwa jirani. Twasema kabila hili ni wezi, lile ni wavivu, wale ni wachawi, wale hawaoleki. Twasema hayo jikoni, watoto wakisikia. Kisha siku moja, kama tulivyoona mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, maneno ya jikoni yanatoka nje yakiwa na panga na moto mkononi.

Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, Filipo hakubishana. Alimwalika tu mwenzake aje ajionee. Pili, Nathanaeli alikwenda. Alikuwa na dharau, lakini hakuwa mtu wa hila, na Bwana alimsifu kwa hilo. Alipofika alikuta kwamba yule aliyemdharau alikuwa amekwisha kumwona chini ya mtini, tena kumpenda.

Basi juma lile lilipokwisha nilimwendea yule mzee. Nikamsimulia habari za Jones. Nikamwambia pia kwamba chuo nilichosomea theolojia kule Limuru kilianzia Frere Town mwaka 1903, ndipo kikahamia Limuru mwaka 1930. Nikasema, "Mzee, mafundisho unayoyapokea kwangu kila Jumapili yalitoka katika nyumba ya watu hao hao unaosema hawana kwao."

Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Mchungaji, wewe una binti. Ungemwoza huko?"

Ndugu zangu, swali lile lilinichoma. Nikamjibu, "Juma lililopita sijui ningesema nini. Leo ningekwenda kwanza niwaone." Akasema, "Basi twende wote."

Tukaenda. Nyanya yake yule kijana alitupokea Kisauni katika nyumba ndogo iliyofagiwa vizuri. Alitupa maji ya kunawa, akatupikia wali, akaomba kabla ya chakula sala ndefu iliyowataja wagonjwa wa mtaa mzima kwa majina. Hakuna aliyezungumza habari za ukoo. Tulipokuwa tukivuka daraja kurudi, yule mzee alisema neno moja tu: "Nyumba ile ina heshima." Jumapili iliyofuata niliwatangaza mara ya tatu, naye siku ya arusi alimshika binti yake mkono mpaka mbele ya madhabahu. Baadhi ya ndugu zake hawakuja. Sikufichi, msikilizaji, mpaka leo wako wasiosalimiana kwa ajili ya jambo hilo.

Mtume Paulo alimrudisha Onesimo kwa Filemoni si kama mtumwa tena, bali kama ndugu. Mathayo naye, alipoandika ukoo wa Bwana wetu, hakuwaficha Rahabu wa Yeriko wala Ruthu Mmoabi. Kama Mwana wa Mungu hakuona haya kuwa na bibi wa kigeni, sisi twaona haya gani? Leo, kabla jua halijachwa, mtaje moyoni mtu mmoja uliyemhukumu bila kuingia nyumbani kwake. Kisha umtembelee, unywe chai yake.

Tuombe. Ee Mungu Baba, wewe uliyewakusanya waliotawanywa ukawapa kwao, utusamehe maneno tuliyosema juu ya watu tusiowajua. Usafishe mazungumzo ya nyumba zetu, ili watoto wetu wasirithi dharau yetu. Utupe moyo wa kwenda na kujionea, kwa Yesu Kristo Bwana wetu, yule wa Nazareti. Amina.