Karanga za Kongwa

Karanga ni zao la msimu mmoja. Unapanda mvua zikianza, unang'oa baada ya miezi minne hivi, na zikikugomea, mwaka ujao shamba lile lile linapokea mtama. Ndiyo maana kisa cha Kongwa hunishangaza kila ninapokirudia: zao jepesi kuachana nalo lilifungwa kwa chuma, reli na bandari.

Mwaka 1946 Waingereza walikuwa bado wanagawiwa mafuta ya kula kwa kadi. Ujumbe wa John Wakefield ukazunguka Afrika kwa wiki chache, ukapendekeza zaidi ya ekari milioni 3 za karanga, sehemu kubwa Tanganyika, kwa pauni milioni 24 hivi. Shamba la majaribio halikutangulia. Tuwe waadilifu: kusubiri nako kulikuwa na bei yake, na walioilipa ni watu waliochoshwa na vita.

Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa kwa matrekta mitumba, baadaye hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Mibuyu ikakataa kung'oka. Udongo, ukikauka, ukawa kama saruji, na karanga huzaa chini ya ardhi. Kisha mvua ikapotea. Wagogo walikuwa na jina la njaa ya 1919, Mtunya. Kuwauliza habari za mvua kusingegharimu hata shilingi.

Mwaka 1974 wachumi Kenneth Arrow na Anthony Fisher walionyesha kwa hesabu kwamba uamuzi usiorudishika una gharama ya ziada: unauza nafasi ya kujifunza kwanza. Kongwa maarifa yalikuja, tena haraka, msimu baada ya msimu. Ila mashine zilikuwa zimeshapakuliwa, na nadhani kila hasara iligeuka kuwa sababu ya kuendelea.

Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango. Pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kubeba karanga ambazo kwa sehemu kubwa hazikuja, ilifungwa muda mfupi baada ya uhuru na kung'olewa. Bandari ya Mtwara ikabaki, maana gati haling'olewi kama reli.

Kongwa nayo ikabaki na majengo yake hadi katikati ya miaka ya 1960, walipofika watu ambao Wakefield hakuwaweka katika hesabu yoyote: wapiganaji wa FRELIMO, ANC na SWAPO, wakatafuta pa kulala.